Taa za LED nyuma ya SUV: indiketa inapiga mbio na breki haijitofautishi na taa ya usiku

Swali – Mwendo wa Kobe

Habari zenu wakuu. Nina gari aina ya SUV ambalo taa zake zote za nyuma ni za balbu za uzi, nami nimekusudia kuzigeuza kuwa za LED. Sababu ni kwamba zimefifia, hasa ya kushoto, na gari ni refu, hubeba mizigo na mara nyingi hutembea usiku. Kila upande una taa moja kubwa ambayo ndani yake kuna balbu ya P21/5W inayofanya kazi ya taa ya usiku na ya breki, balbu ya PY21W ya indiketa iliyo nyuma ya kioo cheupe, na P21W ya rivasi. Kwenye mlango wa nyuma ipo taa ya tatu ya breki. Viakisi vyekundu viko peke yake kwenye bampa, kwa hiyo kubadilisha taa hakuvigusi.

Kabla ya kugusa pande zote mbili nilifunga LED upande wa kushoto pekee ili nipate kulinganisha, na yamejitokeza mambo matatu. Indiketa ya kushoto inapiga haraka karibu maradufu ya ile ya kulia, ingawa balbu ya mbele upande huo ni ya asili na inawaka vizuri. Taa ya breki ya kushoto inaonekana kali mchana, lakini usiku, taa zikiwa zimewashwa, mtu niliyemsimamisha nyuma ya gari anasema ni vigumu kutambua nimekanyaga breki au sijakanyaga. Jambo la tatu ni rangi: niliweka LED nyeupe kwenye breki kwa kuwa kioo chenyewe ni chekundu, ila wekundu unaotoka umepauka na unaelekea waridi.

Naomba ushauri kama nitafute balbu za LED zilizo bora zaidi au nibadilishe taa nzima kwa taa kamili za LED. Vilevile ningependa kuongeza taa mbili za kazi, wati 18 kila moja, chini ya bampa, zimulike ninaporudi nyuma gizani. Je, inafaa kuziunga moja kwa moja kwenye waya wa rivasi?

Jibu – Waya Mweusi

Mkuu, nianze na indiketa kwa kuwa maelezo yake ni mafupi kuliko ya hayo mengine. Flasha, yaani kifaa kinachoifanya indiketa iwake na kuzima, haijui gari lina taa ngapi. Inachopima ni mkondo. Balbu ya wati 21 kwenye volti 12 inavuta ampea 1.75, na mbili, ya mbele na ya nyuma, zinavuta 3.5. Umeondoa ya nyuma ukaweka LED inayovuta labda robo ya ampea, mkondo ukashuka hadi 2, na flasha ikahukumu kwamba balbu moja imeungua. Kupiga mbio ndiyo njia iliyowekewa ya kumwarifu dereva, kwa hiyo gari lako halijaharibika kitu. Hata hivyo halifai kuachwa hivyo, kwa sababu kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka indiketa ipige kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, na iliyoongezeka maradufu kwa kawaida huvuka kiwango hicho.

Ikiwa gari lako lina flasha inayochomoka, dawa iliyo safi ni kuweka flasha ya elektroniki isiyotegemea mzigo. Ichomoe ya zamani usome herufi zilizo karibu na miguu yake: B ni umeme unaoingia, L ni unaokwenda kwenye taa, E ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bati la gari. Mpangilio wa miguu hiyo haulingani kwa flasha zote, na ya elektroniki ikichomekwa B ikiwa mahali pa E inaweza kufa palepale, basi linganisha kabla ya kuchomeka. Magari mengi mapya hayana flasha ya kuchomoa. Mlio unaousikia hutoka kwenye spika, na anayehesabu mkondo ni kompyuta ya mwili wa gari. Hapo ama kompyuta ipangwe upya kwa kifaa cha uchunguzi ili iache kukagua balbu hiyo, ama uweke rezista, yaani kipande kinachovuta mkondo wa ziada na kuugeuza kuwa joto.

Kuhusu rezista nina ya kusema, maana ndizo zinazofungwa ovyo kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Inayotumika sana ni ya omu 6, yenye uwezo wa wati 50, nayo huungwa sambamba na taa, yaani mguu mmoja kwenye waya wa indiketa na wa pili kwenye ethi. Injini ikiwa inazunguka na volti zikiwa 13.8, rezista hiyo inavuta ampea 2.3 na kutoa joto la wati zinazokaribia 32 kila indiketa inapowaka. Indiketa huwaka nusu ya muda, kwa hiyo wastani wake ni wati 16, lakini ukiwasha hazadi (indiketa zote kwa pamoja) ukaliacha gari kando ya barabara, kile kipande cha alumini kitakuunguza kidole. Kifungwe kwa skrubu kwenye bati la mwili wa gari. Mtu akikifunga kwa utepe kwenye fungu la nyaya, au akakilaza juu ya zulia la buti, amejitegea moto mwenyewe. Kwenye taa ya usiku na ya breki sikushauri rezista hata kidogo, kwa kuwa hizo hubaki zimewaka kwa muda mrefu pasipo kupumzika.

Kumbuka pia kwamba ukishaweka rezista au flasha ya elektroniki, umelinyang'anya gari uwezo wa kukuambia kwamba taa imekufa. LED ikizima, indiketa itaendelea kupiga kwa kasi ileile ya kawaida kana kwamba hakuna lililotokea. Itabidi ujizoeze kuzunguka gari na kuziangalia mwenyewe.

Jibu – Kioo Chekundu

Ninakubaliana na mwenzangu kuhusu indiketa, ila katika yale matatu, lililo zito ni la pili. Indiketa inayopiga mbio bado inaonekana na inaeleweka. Taa ya breki isiyojitofautisha na taa ya usiku haimwambii kitu aliye nyuma yako, na taa hizo zimewekwa kwa ajili yake.

Balbu ya P21/5W ina nyuzi mbili. Ule mdogo wa wati 5 unatoa lumeni 35 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), na ule mkubwa wa wati 21 unatoa lumeni 440, yaani zaidi ya mara 12. Pengo hilo ndilo ujumbe wenyewe. Kanuni nambari 7 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu taa za nyuma na za breki, inataka pale taa hizo mbili zinapochangia nafasi moja, mwanga wa zikiwaka pamoja uwe angalau mara 5 ya mwanga wa taa ya usiku peke yake. Sasa chukua balbu ya LED isiyo na alama yoyote: vipande vilevile vya LED vinatumika kwa kazi zote mbili, na kinachopunguza mwanga wa usiku ni rezista ndogo iliyowekwa ndani. Mtengenezaji anayetaka balbu yake ivutie inapojaribiwa kaunta huifanya taa ya usiku kuwa kali, na papo hapo pengo linakufa. Mchana hulioni tatizo kwa sababu taa ya usiku imezimwa na unailinganisha breki na giza. Usiku ndipo linapojitokeza, kama mtu wako alivyokueleza.

Liko pia suala la umbo. Bakuli la kuakisia lililo ndani ya taa yako limechongwa likitarajia mwanga utoke kwenye uzi mdogo uliokaa mahali pamoja tu, kwenye kitovu chake. LED nyingi zina vipande vilivyobandikwa kuzunguka mwili wa balbu na vingine kwenye ncha, na hakuna hata kimoja kilichokaa pale uzi ulipokuwa. Matokeo yake ni nukta kali katikati ya kioo na giza pembeni. Aliyesimama nyuma kabisa ya gari ataisifu, ilhali dereva anayekuja kutoka njia ya pembeni haoni kitu. Jaribu hivi: washa taa usiku, mtu akanyage breki, nawe utembee nusu duara nyuma ya gari kutoka kona moja hadi nyingine, ukiangalia upande wenye LED na upande wenye balbu ya uzi. Usiitegemee kamera ya simu kukuamulia, kwa kuwa hujirekebisha yenyewe kufuata mwanga na kuyafanya yote yaonekane sawa. Kama ni lazima upige picha, funga kwanza kipimo chake cha mwanga.

Rangi ni rahisi. LED nyeupe kwa kawaida ni LED ya buluu iliyofunikwa kwa unga wa njano unaong'aa, kwa hiyo ndani yake buluu na njano ni nyingi na wekundu ni haba. Kioo chekundu kinatupa karibu yote hayo na kubakiza kidogo. Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, ambayo mwanga wake karibu wote unapita. Kwenye indiketa yako yenye kioo cheupe weka LED ya rangi ya chungwa, na hakikisha ina pini zilizopishana kama za PY21W. Pini hizo zimepishanishwa kwa makusudi ili mtu asichomeke nyeupe mahali pa chungwa, na kuzisaga kwa tupa ili balbu yoyote iingie ni kuuondoa ulinzi huo.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni taa kamili iliyobuniwa kwa LED tangu mwanzo, yenye alama ya idhini iliyochongwa kwenye kioo chake: herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini, kwa mfano E4 ya Uholanzi. Karibu na alama hiyo huwa kuna herufi nyingine zinazoeleza kila sehemu imeidhinishwa kwa kazi gani: R ni taa ya usiku, S ni breki, 2a ni indiketa, AR ni rivasi, na IA ni kiakisi. Kama muuzaji anakuonyesha taa yenye mistari ya LED inayopendeza na herufi hizo hazipo, amekuuzia pambo. Zile za kioo cha moshi sizizungumzii kabisa. Sijapata kuelewa kwa nini mtu aongeze taa kisha aifunike.

Jibu – Waya Mweusi

Kioo Chekundu amesema kweli kuhusu pengo la mwanga, ila kuhusu taa kamili ninasita kidogo. Balbu ya uzi ikiungua unaibadilisha kwa mkono mmoja. Taa kamili ya LED ikifa kipande kimoja, au ikiingia maji, kwa kawaida unatupa yote. Nimefungua nyingi zilizojaa ukungu kwa sababu gundi ya kioo haikuzunguka vizuri. LED haina joto la kuukausha ukungu kama balbu ya wati 21, kwa hiyo unyevu ukishaingia haukauki kwa urahisi na kutu huanza kwenye soketi. Ukinunua taa kamili, ikague mpira wake wa mgongoni na tundu lake la kupumulia, na usilizibe tundu hilo kwa silikoni ukidhani umesaidia.

Kabla hujaamua lolote, kuna neno moja katika swali lako ambalo halijajibiwa. Umesema taa za asili zimefifia, *hasa ya kushoto*. Balbu mbili za aina moja kwenye gari moja hazina sababu ya kutofautiana. Rudisha balbu ya asili upande wa kushoto, kisha upime ethi. Weka multimita, yaani kipima umeme, kwenye volti, ncha nyeusi kwenye bati safi la mwili wa gari na nyekundu kwenye waya wa ethi wa soketi ile, halafu mtu akanyage breki huku taa zimewashwa. Fanya hivyo pande zote mbili utuletee vipimo.

Jibu – Bampa la Chuma

Mimi nitajibu la taa za kazi. Usiziunge kwenye waya wa rivasi. Waya huo umepimwa kwa ajili ya balbu mbili za wati 21, yaani ampea 3.5, na fyuzi yake mara nyingi inahudumia vitu vingine pia. Ukiongeza wati 36 umeongeza ampea 3, karibu mara mbili ya mzigo. Kwenye gari la kisasa ambalo kompyuta ndiyo inayopeleka umeme kwenye taa, njia hiyo inaweza kujifunga yenyewe, na ukabaki huna hata rivasi ya asili.

Tumia rilei ya kawaida ya miguu minne, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Waya wa rivasi uende kwenye mguu wa 86 na ethi kwenye 85. Hiyo ni koili inayoivuta swichi ya ndani, nayo inatumia sehemu ndogo tu ya ampea. Mguu wa 30 upokee umeme kutoka kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 5, na 87 upeleke kwenye taa. Fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya, na kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Waya wa milimita 1.5 za mraba unatosha: kwa mita 5 na ampea 3 unapoteza kama volti 0.2 hivi. Pale unapopenya bati weka mpira wa tundu, la sivyo ukali wa bati utaukata taratibu hadi siku upige shoti. Tafuta pia rilei yenye diodi ndani, yaani kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, iwe kinga ya msukumo wa umeme unaotoka kwenye koili inapozimwa.

Kwenye waya unaokwenda 86 katiza kwa swichi ndogo ndani ya gari, ili uweze kuzizima unaporudi nyuma mahali penye watu. Wako wanaopenda kuweka swichi inayoziwasha hata gari likiwa linakwenda mbele. Hilo usilifanye kwa taa utakazotumia barabarani. Kanuni nambari 48 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu mwanga mweupe kuelekea nyuma isipokuwa wa rivasi na mingine michache kama ile ya kibao cha namba, na sababu yake inaeleweka: mwanga mweupe unamwambia anayekuja kwamba gari lile linamwelekea yeye.

Kuhusu mahali pa kuzifunga, chini ya bampa ndipo zinapopigwa na matope na mawe, na ndipo SUV inapogusa ardhi kwanza ikitoka bondeni. Zipandishe ziwe juu ya ukingo wa chini wa bampa, mbali na bomba la moshi, na uzielekeze chini kiasi, mwanga uguse ardhi mita chache nyuma ya gari. Zikimulika sambamba na ardhi, vumbi na mvua vitarudisha mwanga kwenye kamera ya nyuma usione kitu. Waya unaoingia kwenye taa uuache uning'inie kidogo chini kabla haujapanda, maji yadondoke pale badala ya kufuata waya hadi ndani.

Jibu – Mwendo wa Kobe

Nawashukuru nyote. Nimerudisha balbu za asili upande wa kushoto na nimepima kama alivyoelekeza Waya Mweusi, injini ikiwa imezimwa. Upande wa kulia multimita inasoma volti 0.06 breki ikikanyagwa. Upande wa kushoto inasoma 0.9. Nilipoitingisha soketi ya kushoto kipimo hakikubadilika.

Nilifanya pia lile jaribio la nusu duara kabla ya kuitoa LED. Nikiwa nyuma kabisa ilikuwa kali kuliko ya kulia, lakini nilipofika kwenye kona ya gari ilikuwa imebaki mstari mwembamba tu, ilhali ya kulia ilikuwa imejaa kioo kizima.

Jibu – Waya Mweusi

Hiyo 0.9 ndiyo ugonjwa wa upande wa kushoto. Volti hizo zinapotea njiani kurudi kwenye betri badala ya kufanya kazi kwenye uzi. Volti 0.9 kati ya kama 12 zinaonekana chache, lakini mwanga wa balbu ya uzi haushuki sambamba na volti. Unashuka kwa kipeo kinachozidi 3. Ukipoteza asilimia 7 au 8 ya volti, unapoteza karibu robo ya mwanga, na balbu inageuka rangi ya chungwa. Jicho lako lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Tazama pia jinsi LED ilivyouficha ugonjwa huu. Kwa kuwa inavuta mkondo mdogo, kwenye ethi ileile mbovu ingepoteza labda volti 0.1 tu, nawe ungeamini kwamba LED ndiyo iliyotibu. Kutu ingeendelea kula hadi siku ambayo ethi inakatika kabisa, na kwa kuwa ethi ya kona ile kwa kawaida inazihudumia taa zote za upande huo, ungepoteza usiku, breki na indiketa kwa pamoja. Lile la pengo la mwanga, hata hivyo, halitokani na ethi. Hilo ni la balbu yenyewe, kama alivyoeleza Kioo Chekundu. Una magonjwa mawili tofauti kwenye kona moja.

Kwa kuwa kuitingisha soketi hakukubadilisha kitu, fuata waya wa ethi, ambao mara nyingi ni mweusi au wa kahawia, kutoka kwenye soketi hadi nyuma ya pambo la plastiki la kona ya buti. Utaukuta umefungwa kwa boliti kwenye bati. Tenganisha kwanza ncha hasi ya betri. Fungua boliti, sugua pete ya waya na bati kwa msasa hadi ing'ae, funga kwa nguvu, kisha ndipo upake grisi juu yake kuzuia unyevu. Ukikuta pete imeliwa na ukijani wa kutu hadi ndani ya waya, kata kipande hicho na ubane pete mpya. Usitumie vile viunganishi vya plastiki vinavyouma waya bila kuumenya. Kwenye kona inayopata unyevu havidumu.

Jibu – Mwendo wa Kobe

Boliti ilikuwa imeoza chini ya pete, na rangi ya bati ilikuwa imevimba. Baada ya kusugua na kubadilisha pete, upande wa kushoto unasoma 0.05, na taa mbili sasa zinalingana. Nikiri kwamba hamu ya kubadilisha kila kitu imepungua. Ninafikiria kuacha balbu za uzi kwenye taa kubwa hadi nipate taa kamili yenye alama, kisha niweke LED kwenye taa ya tatu ya breki peke yake, pamoja na taa za kazi kwa rilei. Je, kuna ubaya wowote kuanzia hapo?

Jibu – Kioo Chekundu

Hakuna, na pengine hapo ndipo pazuri pa kuanzia. Taa ya tatu ya breki ina kazi moja tu: ama imewaka ama imezima. Lile pengo la mara 5 halihusiki. Unachopata ni wepesi: uzi wa balbu huhitaji kama sekunde 0.2 kufikia mwanga wake kamili, ilhali LED huwaka papo hapo. Kwa kilomita 100 kwa saa, sekunde 0.2 ni mita 5 na nusu ambazo aliye nyuma anazipata bure. Chagua nyekundu ikiwa kioo ni chekundu, na kama taa yako ya tatu ni ndefu na ina balbu zaidi ya moja, zibadilishe zote kwa pamoja, usichanganye.

Jibu – Waya Mweusi

Niongeze mambo mawili yanayohusu mlango wa nyuma. LED ina upande chanya na hasi, kwa hiyo kama balbu ni ya kuchomeka isiyo na pini na haijawaka, igeuze nusu mzunguko kabla ya kudhani ni mbovu. Na ukimaliza, jaribu mfumo wa kushikilia mwendo kama gari lako linao, maana yapo magari ambayo hutumia nyuzi za balbu za breki kama njia ya ethi ya kukagua pedali, na zote zikiwa LED mfumo huo hukataa kuwaka. Wewe utakuwa umebakiza balbu za uzi pembeni, hivyo sitarajii shida.

La pili ni ule mpira wenye mikunjo unaopitisha nyaya kutoka kwenye mwili wa gari kwenda mlangoni, karibu na bawaba. Ukiwa umeshafungua mapambo, uvute upande mmoja uzikague nyaya zilizo ndani. Kila mlango unapofunguliwa nyaya hizo hujikunja mahali palepale, na shaba hukatika ndani huku ganda la nje likionekana zima. Washa taa ya tatu kwa kuweka kitu kizito kwenye pedali ya breki, kisha fungua na ufunge mlango polepole huku ukiitazama. Ikipepesa hata mara moja, waya umekatika humo ndani, na kipande kizima kinachojikunja kibadilishwe kwa waya laini wa nyuzi nyingi nyembamba, viungo vyake vikiwa nje ya sehemu inayojikunja.